Upande wa Karatasi Uliotazama Udongo

Mama aliamini kwamba gazeti lenye maneno mengi huzuia baridi kuliko gazeti lenye picha. Hakujua kusoma. Aliinua karatasi kwenye mwanga wa mlango, akaitazama upande mmoja, akaigeuza, na upande uliojaa herufi ndio alioupa chumba. Ule wa picha na matangazo ya sabuni aliupaka uji wa unga wa ngano, akaubandika ukutani ukatazama udongo. Nyumba zote za laini yetu ya wafanyakazi zilikuwa na magazeti ukutani, maana upepo wa Sachangwan hupenya kati ya fito na udongo kama mtu mwenye ufunguo wake. Lakini kwa wenzetu ulikuta picha za malkia, za matrekta, za wanawake wenye kofia. Kwetu yalikuwa maneno matupu toka chini hadi juu, mengine yamesimama wima, mengine kichwa chini.

"Nyumba yenu ina maneno kuliko korti," jirani yetu alizoea kusema. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko, aliyekuja na mumewe kutoka upande wa Kakamega, na mumewe ndiye aliyeendesha trekta la mzungu. "Siku moja mtalala, mtaamka mmefungwa."

Alikuwa akitania. Wakati huo ilikuwa bado inawezekana kutania hivyo.

Sisi vijana tunaokutana Nakuru Jumamosi alasiri kusomeana tunayoyaandika huulizana mara nyingi, nani alikufundisha? Wenzangu hutaja walimu wao wa misheni. Mimi husema ni ukuta, nao hucheka wakidhani natafuta maneno ya kupendeza. Sitafuti. Shule ya shambani iliishia darasa la nne, na baada ya hapo nilipewa kikapu cha kuchuma maua ya pareto pamoja na mama. Vitabu hatukuwa navyo. Tulikuwa na ukuta.

Makala niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ukutani kwenye upande wa kichwani mwa kitanda nilicholalia na wadogo zangu, na mama alikuwa ameibandika kichwa chini. Ili niisome ilinibidi nilale chali, utosi ukielekea ukuta, niinue kidevu mpaka shingo iume. Ilihusu benchi. Benchi la mbao nje ya ofisi fulani ya mjini, mahali watu wanapongoja kuitwa. Mwandishi hakusema ni ofisi ya nini, wala hakusema kwamba kungoja ni kubaya. Aliutazama ubao tu. Aliona jinsi ulivyong'aa pale pa kukalia na kubaki mkavu pembeni, na jinsi kila aliyekuja mara ya pili alivyoujua msumari uliochomoza, akaukwepa bila kuangalia. Kisha akamleta mzee mmoja, kofia yake magotini. Mzee akangoja. Jua likahama kutoka miguuni pake likapanda hadi kifuani. Mwishowe mzee akasimama, akavaa kofia, akaliendea dirisha, akamwambia karani.

Hapo karatasi ikaisha. Alichomwambia karani kilikuwa nyuma, kimegandamana na udongo.

Mwanzoni niliisoma kama mtu anayekula kwa haraka. Baadaye nikaanza kujiuliza kwa nini kifua changu kinabana kila mzee anaposimama. Nililitafuta neno huzuni, sikulipata. Nikatafuta subira, sikuipata. Ndipo nikabuni mchezo wangu. Nilifunika sentensi kwa kiganja, nikatunga mwenyewe ile ambayo ingefuata, kisha nikaondoa mkono nione yeye alifanya nini. Karibu kila mara yangu ilikuwa na kelele. Mimi ningesema mzee alichoka, alidhalilika, moyo wake ulivunjika. Yeye alisema jua lilifika kifuani.

Mchana, kwenye safu za pareto, niliyasema yale maneno kwa sauti nikibadilisha moja hapa na moja pale, nikasikia sentensi inavyochechemea neno lake likiondolewa. Mama alichuma safu ya pili. Alisikia benchi hilo msimu mzima, mpaka akawa ananisahihisha bila kuinua kichwa. "Umeruka msumari," aliniambia, nami nikarudi nyuma kuuchukua.

Hivyo nikawajua waandishi wa ukutani mmoja mmoja, ingawa majina ya wengi yalikuwa yamekatwa. Kulikuwa na mmoja aliyewasalimu wasomaji kila mara kabla ya kusema jambo, kama mgeni anayebisha hodi kupita kiasi. Kulikuwa na wa gazeti la serikali, ambaye hata akianza na ndoto angemaliza kwa kukuambia unawe mikono na uogeshe ng'ombe. Na kulikuwa na huyu wangu wa benchi. Niliipata makala yake nyingine karibu na mlango, na nyingine nyuma ya debe la maji, na sikuhitaji jina. Nilimjua kama mtu anavyojua hatua za baba yake nje ya nyumba.

Maneno ya mzee pale dirishani niliyatunga mwenyewe. Kila wiki nilimpa mengine. Kuna siku alilia, na kuna siku alimtukana karani mpaka watu wote wa benchi wakasimama.

Hii ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Tulikuwa Wakikuyu kwenye shamba la mzungu, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu ashtuke akisikia lori likibadilisha gia kwenye mlima. Baba alipandishwa lori mvua za masika zilipoanza, na hatukuambiwa ni kambi gani. Alibaki mama. Kama naye angechukuliwa, mimi na wadogo zangu tungepakiwa kwenye garimoshi tupelekwe Rizavu, nchi iliyotengewa kabila letu, kwa ndugu ambao hatukuwa tumewaona na ambao labda hawakuwapo tena. Hakuna aliyeyasema haya nyumbani. Tuliyajua kwa namna mama alivyoanza kutufunga shuka migongoni kabla hatujatoka nje, hata asubuhi zisizo na baridi, kana kwamba safari inaweza kuanza wakati wowote.

Alasiri moja jirani yetu alivuka safu zake, akaja kuchuma kando ya mama.

"Mama, usiinue kichwa. Chuma tu," alisema. "Shamba la ng'ambo wamemchukua fundi wa mabomba. Unajua kwa nini? Ukuta."

"Ukuta umefanya nini?"

"Ulikuwa na lile gazeti lililopigwa marufuku. Alilibandika zamani, wakati linauzwa kama mkate. Marufuku ilipokuja, nani alikwenda kuuambia ukuta? Na kesho wanakuja hapa."

Mama hakuacha kuchuma. "Magazeti yangu natoa kwa mpishi wa bwana."

"Ya mpishi ni yale ya Kizungu. Na yale ya kufungia sukari dukani kwa Mhindi? Na yale aliyoleta mume wako?"

Jirani akanigeukia mimi.

"Na wewe, karani wa ukuta, leo elimu ifanye kazi. Isiwe ya kuning'iniza kichwa tu kama popo."

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu ya miti. Tatizo likajionyesha mara moja. Mama alikuwa amekata vichwa vya magazeti yote kabla ya kuyabandika, kwa sababu zile herufi kubwa nyeusi zilimkera. Alisema ni kama mtu anayepiga kelele ndani ya nyumba ya mwenzake. Kwa hiyo hapakuwa na karatasi iliyotaja jina lake. Aliloweka kitambaa katika maji ya moto, akasimama mbele ya ukuta, akaweka kidole.

"Hii?"

"Ya serikali."

"Umejuaje?"

"Inatuambia tuchanje kuku."

"Na hii?"

Nilisoma aya moja, nikasoma nyingine. Iliuliza maswali na haikuyajibu. Ilimwita msomaji ndugu, na kila ilipotaja ardhi ilipunguza mwendo. "Itoe," nikasema.

Tuliendelea hivyo karatasi baada ya karatasi. Sikuwa nikisoma tena kwa kupenda. Kila sentensi niliiuliza, wewe ni mtoto wa nani? Nikikosea upande mmoja, mama anapanda lori. Na kwa kila karatasi tuliyobandua, udongo mwekundu, mpya, ulitokea kama kidonda kilichobanduliwa kigaga. Mama akarudi nyuma, akautazama ukuta mzima.

"Ukuta wenye makovu nao unasema," alisema.

Tukaziba mapengo kwa magazeti ya Kizungu yaliyosalia ya mpishi, mpaka yakaisha. Ndipo tukafika kitandani.

"Na benchi?" mama aliuliza.

Nilimjua aliyeandika. Lakini mtu yule alikuwa ameandika katika gazeti ambalo lilikuwa bado linauzwa, na kabla ya hapo katika lile la marufuku. Mkono wake nilikuwa nimeuona katika yote mawili.

"Sijui."

"Hujui, au hutaki?"

"Mama, sijui. Mbele hamna neno baya. Nyuma sijui."

Alisimama pale na kitambaa kikimtiririkia mkononi. Karatasi ya kuziba haikuwapo tena. "Iache," akasema. "Tukiitoa hiyo, patabaki shimo la ng'ombe kupita."

Walikuja asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya mapaa. Tulisikia lori kabla ya kuliona. Tulitolewa wote nje, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na nyumba zikaingiwa moja baada ya nyingine. Walikuwa homugadi, walinzi Waafrika wa serikali, wenye mikuki, mzungu kijana aliyevaa koti refu la mvua, na karani wake Mwafrika, mtu mrefu aliyevaa sweta la kijivu na kuweka kalamu mfukoni. Kazi ya karani ilikuwa kusoma na kutafsiri. Niliona watu wakimtazama kwa chuki wasiyoificha vizuri.

Mzungu aliingia kwetu akatoka upesi, akatuita mimi na mama tuingie.

"Hii nyumba gani?" aliuliza. "Nyumba ama kitabu? Wewe mama, najua soma?"

"Hapana, bwana."

"Nani nasoma?"

Nikasema, "Mimi."

Karani alianza mlangoni, akausoma ukuta kwa sauti ya mtu anayepokea mizigo. "Bei ya mahindi, bwana. Mambo ya kanisa. Kuchanja kuku. Hii Kizungu." Alipita juu ya mapengo tuliyoziba bila kusimama. Kisha akafika kitandani, akainamisha shingo.

"Imesimama kwa kichwa," akasema.

Homugadi mmoja mlangoni akacheka. "Hata magazeti ya hawa watu yamepinduka!"

"Wewe binti," karani akasema, "umezoea. Soma."

Nililala chali kitandani mbele yao wote, nikainua kidevu, nikasoma. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Nilisoma ubao, nikasoma msumari, nikasoma jua. Nikafika dirishani. Akamwambia karani. Nikashusha kidevu.

"Sema nini?" mzungu aliuliza. "Huyu mzee sema nini?"

"Imeishia hapo, bwana. Nyingine iko nyuma."

"Nyuma iko nini?"

"Sijui, bwana."

"Kila siku nasoma, hapana jua?" Aligeuka, akamtazama mama taratibu, toka kitambaa cha kichwa hadi miguuni. "Sikia. Kama nyuma iko maneno mbaya, huyu mama napanda lori. Toa."

Nilipewa kitambaa mimi. Nililoweka kingo za karatasi, nikangoja maji yaingie, nikavuta kona. Uji wa ngano wa mama ulikuwa mzito na ulishika. Nilikuwa nimeutamani upande ule kwa muda mrefu hivi kwamba vidole vyangu, hata katika hofu ile, vilikuwa vikienda polepole visiuharibu. Na wakati huohuo niliomba upasuke. Niliomba panya wawe wameula, unyevu uwe umeuozesha. Nilimwona mzee wangu dirishani akifungua mdomo, na maneno yote ya hasira niliyowahi kumpa yakanijia, nikayakataa moja moja. Usiseme hilo. Tafadhali, wala hilo.

Karatasi ilibanduka nzima.

Kabla sijaigeuza karani aliichukua. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akasimama ametugeuzia ubavu. Alitazama chini. Nje, mtoto wa mtu alikuwa akikohoa. Mzungu aligonga buti lake kwa fimbo.

"Soma, basi."

"Ndiyo, bwana." Karani akasafisha koo. "'Kwa heshima na taadhima, bwana mkubwa, nimekuja kuomba kibali cha kwenda kumwona mwanangu aliye kazini Nakuru. Kwa hakika nakushukuru sana kwa kunipa wakati wako, na Mungu akubariki wewe pamoja na ofisi yako yote.' Basi karani alimpa kibali, na mzee akaenda zake akifurahi. Mwisho."

Nilijua kabla hajamaliza. Mwandishi wangu hajapata kusema kwa hakika. Hajapata kumfanya mtu atoe shukrani kwa pumzi moja ndefu namna ile, na asingemwacha mzee aende zake akifurahi hata kama angeahidiwa shamba. Hizo zilikuwa sentensi za barua za ofisini. Karani alikuwa akitunga. Alitunga vibaya, kama nilivyotunga mimi kabla sijajifunza kufunika sentensi kwa kiganja, na macho yake yalikuwa yametulia mahali pamoja tu kwenye karatasi, hayakwenda kulia wala kushoto.

Kisha nikamwona mama. Alikuwa amekunja uso. Alilijua benchi lile kwa masikio, kila ubao wake, na masikio yake yalikuwa yamekwama palepale yalipokwama yangu. Nikaona midomo yake ikifunguka kama inavyofunguka kwenye safu za pareto, anapotaka kuniambia nimeruka msumari. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Mama alikohoa.

"Huyu mzee mzuri," mzungu alisema. "Iko na adabu. Nyinyi hapana kama yeye." Alikunja pua akitazama uji uliooza kwenye karatasi. "Chafu hii. Choma."

Karani hakumpa mtu mwingine. Aliikunja mwenyewe, akainama penye mafiga, akaisukuma ndani ya makaa. Nilikuwa karibu. Mahali uji ulipobanduka niliona mistari, myeusi, safi kabisa. Ilikuwa ikisomeka. Sikuwahi kushika hata neno moja kabla haijageuka kahawia, ikatoa mvuke, ikashika moto.

Alipokuwa akitoka alisimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona usoni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na ilikuwa asubuhi ya baridi.

"Una sauti ya kusoma," aliniambia kwa ukali, homugadi wasikie. "Kasome kanisani."

Mama hakupanda lori. Liliteremka laini polepole, likasimama mbele ya nyumba ya mwisho kule chini, na tukasikia mwanamke akiita jina la mumewe, akiita tena. Mama alinifunga shuka, akawafunga wadogo zangu, akaketi na kuitazama ile sehemu ya udongo juu ya kitanda. Jirani yetu aliingia, akatugusa mabega mmoja mmoja kama anayepima nyanya sokoni, akatoka bila utani wowote.

Ukungu ulipopanda na umande kukauka kwenye maua, nyapara alipiga kengele tukaenda kuchuma, kwa sababu pareto haikujua habari zetu. Mama alichuma muda mrefu. Nilimsubiri anigombeze kwa ule mguu.

"Yule mzee hakusema hivyo," alisema hatimaye.

"Hapana, mama."

"Yule mtu alikuwa anadanganya."

"Ndiyo."

Akaangalia upande wa barabara, akashusha sauti. "Mungu amlinde." Vidole vyake vikarudi kwenye maua. "Basi alisema nini?"

"Imeungua, mama. Sikuona."

"Sikukuuliza uliona nini."

Nilimpa ule mwisho wangu wa hasira, nilioupenda, ambao watu wote wa benchi husimama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo ni wewe," akasema. "Huyo si mzee."

Nikampa mwingine, ambao mzee analia. Akatikisa kichwa kabla sijafika kwenye machozi. Nikampa wa tatu, nikasikia mwenyewe unavyochechemea, nikaukatiza. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka uji na moto. Lori lilisikika mbali, likipanda mlima kuelekea Molo, na sote wawili tukainamia maua mpaka sauti yake ikaisha kabisa.

Mama alikwenda kumwaga kikapu chake kwenye gunia. Akarudi, akasimama karibu nami, hakuchuma, akangoja. Nikaanza tena kutoka pale mzee anaposimama.